Ulevi na Njia ya Kutoka (3): Kuutafuta Mkutano wa Kwanza

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza jinsi pombe inavyouteka ubongo na kwa nini kumkaripia mraibu hakumfai kitu. Leo tunaingia katika swali linalozikwamisha familia nyingi: mtu akishasema mwenyewe kwamba pombe imemshinda, aende wapi?

Kuna tahadhari moja kabla ya yote. Anayekunywa kila siku, akaamka akitetemeka mpaka azimue, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupatwa na degedege, akaona na kusikia visivyokuwepo, hata akafa. Huyo aanzie hospitali, ambako zipo dawa za kumvusha siku hizo za mwanzo. Mkutanoni ataenda akishatulia.

Mikutano ninayoizungumzia ni ya Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA, ushirika wa waraibu wa pombe wanaosaidiana kuacha, na asili yake inaeleza mengi kuhusu namna ya kuitafuta. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa amekwama katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Mpango wake wa biashara ulikuwa umevunjika na alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Kutoka baa ya hoteli ilisikika sauti ya watu wakiburudika. Pale ukumbini palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Bill aliishika simu. Akampata mchungaji, akamweleza kwamba anatafuta mlevi wa kuzungumza naye. Simu moja ikazaa nyingine, mpaka akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemfahamu daktari wa upasuaji aliyekuwa akiangamia kwa pombe.

Daktari huyo, Bob Smith, alikutana na Bill kesho yake jioni akiwa na hangova, na alikuwa ameapa kwamba hatakaa zaidi ya dakika 15. Waliagana saa 5 usiku imeshapita. Madaktari na wachungaji walikuwa wamemwambia mengi kuhusu ulevi, lakini huyu mgeni alizungumza juu ya ulevi wake mwenyewe. Haikuwa rahisi hata hivyo: wiki chache baadaye Bob aliteleza tena. Tarehe 10 Juni alikuwa na mgonjwa wa kupasua na mikono inamtetemeka. Bill akampa chupa ya bia aitulize. Hiyo ndiyo bia yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo wanachama huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA.

Basi tangu mwanzo mkutano umepatikana kwa kuuliza. AA haijinadi wala haitangazi wanachama wake, na usiri huo unaomlinda mraibu ndio pia unaomfanya mgeni apite mlangoni bila kujua kinachoendelea ndani. Nchini Kenya, anzia kwa nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192. Waulize wauguzi wa kitengo cha afya ya akili, washauri wa vituo vya matibabu ya uraibu, na hata parokia zilizo karibu nawe, kwa sababu mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa na hospitali. Aliye mbali na mji, au anayeogopa kuonekana, anaweza kujiunga na mikutano ya intaneti kwa simu yake.

Ukipata anwani, uliza kama mkutano ni wa wazi au wa waraibu pekee. Ule wa wazi humpokea pia mke, kaka au rafiki. Ndani utakuta watu wamekaa, mara nyingi na chai, kila mmoja akijitambulisha kwa jina la kwanza na kusimulia yake bila kukatizwa. Hulazimishwi kusema neno. Hakuna ada; kikapu kikipita, asiye na kitu hukipitisha. Sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha pombe.

Najua Waislamu wengi husita. Kuonekana pale ni kama kukiri hadharani kwamba ulikunywa, na kumbi zenyewe mara nyingi ni za kanisa. Lakini AA si ya dini yoyote, na kila mtu humtaja Mungu kwa imani yake. Kwa maoni yangu, misikiti yetu ingefanya jambo jema kutoa chumba kimoja jioni kwa kazi hii.

Je, inafaa? Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2020, uliojumuisha tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa mipango inayowaunganisha waraibu na AA huwasaidia zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Si wote wanaofaulu, na mkutano mmoja ukikukwaza, jaribu wa pili.

Jamaa nao wana kundi lao, Al-Anon, ambalo Lois, mkewe Bill, alishiriki kulianzisha mwaka 1951. Kwa hiyo mama, baba, dada: piga simu ya 1192 leo, andika siku na saa ya mkutano kwenye karatasi, na umsindikize ndugu yako mpaka mlangoni. Juma lijalo tutaeleza la kufanya akiirudia pombe.