Mkojo Hausemi Yote: Kumpima Mgonjwa Anayetibiwa kwa Methadoni

Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilianza kuwatibu kwa methadoni watu waliotekwa na heroini. Tiba hiyo yatokana na kazi ya madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, walioianzisha New York katika miaka ya 1960. Methadoni ni ya jamii moja na afyuni, ila hutengenezwa maabarani. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, humpunguzia tamaa ya heroini na mateso ya kuikosa, ambayo watumiaji huyaita arosto.

Hata hivyo, aliyeacha heroini huenda hajaacha vilevi vingine. Wako wanaoendelea na pombe, bangi, kokeini, au vidonge vya usingizi kama diazepamu. Msomaji aweza kuuliza: ikiwa heroini imeachwa, hayo mengine yamhusu nini daktari? Jibu limo katika pumzi. Methadoni hupunguza nguvu ya sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua. Pombe na diazepamu nazo huulegeza ubongo. Zikikutana katika mwili mmoja, mgonjwa huweza kulala, pumzi zikafifia kidogo kidogo, asiamke tena. Kwa hiyo kujua anachotumia mgonjwa si udadisi. Ni sharti la kuokoa maisha yake.

Njia kuu ni mbili: kuuliza na kupima. Shirika la Afya Duniani lina hojaji iitwayo ASSIST, inayouliza juu ya kila aina ya kilevi, tangu tumbaku na pombe hadi jamii ya afyuni, na ni mara ngapi kimetumiwa katika miezi 3 iliyopita. Upimaji kwa kawaida ni wa mkojo: hutumika kijikaratasi kilichotiwa protini maalumu zinazokitambua kilevi kinachotafutwa.

Lakini kijikaratasi hicho kina mipaka yake. Heroini hugeuka mofini mwilini, na mofini huonekana kwa siku 2 au 3 hivi. Bangi ya mtu aliyeivuta kila siku huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuiacha, hali pombe yenyewe hutoweka baada ya saa chache. Basi mlevi wa juzi hupita salama, na aliyekwisha kuacha bangi akaonekana mkosaji. Tena, dawa ya kikohozi yenye kodeini nayo hutoa mofini. Na kilevi kisichotafutwa hakionekani kamwe, kwani kila kipimo kina shabaha yake.

Zaidi ya hayo, mkojo hausemi sababu. Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyepatwa na kifua kikuu akapewa rifampisini. Dawa hiyo hulichochea ini kuivunja methadoni upesi, hata dozi iliyomtosha mwanzo ikawa haimtoshi. Arosto humrudia, naye huikimbilia heroini. Kipimo kitasema kweli kwamba mofini imo. Lakini atakayemfukuza mgonjwa kwa jibu hilo atakuwa amemwadhibu kwa sababu ya dawa aliyopewa hospitalini. Anachohitaji ni daktari aipime upya dozi yake.

Hivyo jibu la kipimo lafaa liwe mwanzo wa mazungumzo, wala lisiwe hukumu. Mgonjwa anayejua kwamba ukweli utamnyima dawa atajifunza kuficha: ataleta mkojo wa mwenziwe, au atakana kwamba amemeza diazepamu asubuhi ile ile anayopokea methadoni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa yatupasa tuongeze kwamba anayemtisha mgonjwa hata akaficha naye ana sehemu yake katika msiba huo.