Marejeo ni Ngamani

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," husema watu wa pwani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa, maji machafu yanakotuama na baharia hujipinda kuyafua kwa upo. Methali humkumbusha mwenye kutangatanga kwamba mwisho wake ni kurudi pale alipopakimbia. Injinia wa meli yeye hana pa kukimbia. Anaanzia huko huko ngamani. Siku ya kwanza hupewa tambara na ndoo, akaambiwa: kausha hapo. Atakayekuja kuitwa chifu na meli nzima alianza kwa kupiga magoti kwenye maji yenye mafuta.

Watu wa pwani waliingia katika kazi hii kwa mlango wa moto. Meli za makaa ya mawe zilipoenea Bahari ya Hindi, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, zilihitaji watu wa kustahimili joto la tanuri. Manowari za Waingereza ziliajiri Waafrika, Unguja ikiwa mojawapo ya bandari za kuwapata, nao wakaandikwa daftarini kwa jina la jumla la Sidi. Kazi yao ilikuwa kukoleza moto. Hesabu za mashine ziliachiwa wengine. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na meli zake mwenyewe za moshi. Moja, Glasgow, ilikuja kuzamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, milingoti yake ikabaki imechomoza bandarini mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Leo kijana husoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam, au chuo cha bandari Mombasa, kisha hupanda ngazi ya vyeti: mhandisi wa nne, wa tatu, wa pili, na hatimaye chifu.

Lakini yapo mafunzo yasiyo na cheti, ambayo mkubwa humpa mdogo kule chini. La kwanza ni sikio. Injini kubwa ya meli ya mizigo huzunguka polepole, mara 100 hivi kwa dakika, lakini kishindo chake huwafanya watu waongee kwa mikono. Ndani ya kishindo hicho fundi mzoefu huusikia mlio mmoja uliokwenda kombo, akainuka kitandani kabla kengele haijalia. La pili ni mkono. Bomba usilolijua huligusi kwa kiganja. Unalisogezea mgongo wa mkono, likiwa la moto mkono ujirudishe wenyewe.

La tatu ni amana. Mashine si mali yako, lakini yatakayompata mwenzako wa zamu ijayo ni deni lako. Mfano mkubwa wa adabu hii uko Kigoma. Meli tunayoijua kwa jina la Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli, na kuungwa upya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliamriwa kuizamisha isitekwe. Mafundi wake hawakupinga amri, ila kwanza waliipaka injini grisi nzito kila mahali, ndipo wakaiacha ishuke. Ilipoopolewa mwaka 1924 mashine zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini chini ya Waingereza, yaani adui wa wale wale walioipaka grisi. Wenye kazi hii hawaoni ajabu hapo. Nahodha alikuwa na vita yake, wao walikuwa na mashine yao.

Maisha ya chini huenda kwa zamu: saa nne kazini, saa nane nje, usiku na mchana. Kwa desturi ya meli nyingi, zamu ya saa kumi hadi saa mbili ni ya mhandisi wa pili, naye huishika mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni. Muislamu aliyepewa zamu hiyo hujua maana yake: Alfajiri itamkuta kazini, na Magharibi vilevile. Hapo ndipo ilipozaliwa fikihi ya chumba cha mashine, ambayo vijana huifahamu kwa kuwatazama wakubwa zao kuliko kwa kuisoma. Msafiri amepewa ruhusa: Adhuhuri, Alasiri na Isha hupunguzwa kutoka rakaa nne kuwa mbili, na Magharibi inaweza kujumuishwa na Isha zamu ikishakwisha. Alfajiri haipunguzwi wala haijumuishwi. Mwenzako hukushikia vipimo dakika chache, awe Mfilipino Mkatoliki au Mhindi wa Goa, na Krismasi ikifika nawe humshikia vyake.

Kibla hutafutwa kwa dira, na meli ikigeuka katikati ya sala mwenye kusali naye hugeuka kama akitambua. Mtihani hasa ni udhu. Grisi si najisi, lakini huzuia maji kufika kwenye ngozi, na udhu wa hivyo hautimii. Kwa hiyo mtu husugua viganja kwa sabuni na vumbi la mbao mpaka viwe vyekundu, na bado weusi hubaki ndani ya mistari. Wazee hutofautisha vizuri: rangi iliyoingia ngozini haidhuru, tabaka linaloshikika lazima litoke. Mikono hiyo ndiyo huwatambulisha wanapokutana ugenini.

Nyumbani nako zamu inaendelea. Kabla ya kuondoka, kijana huzunguka kwa wazee kuomba radhi.

"Mama, kesho naondoka. Nipe radhi zako."

"Radhi unazo, mwanangu. Nenda kwa salama, urudi kwa salama."

Haondoki mtu pwani bila maneno hayo, hata awe na tiketi ya ndege mfukoni na mkataba wa miezi tisa. Akishaondoka, mambo yake hushikwa na wengine. Mtoto akizaliwa, babu humwadhinia sikioni. Siku ya saba ikifika, ami yake husimamia akika. Binti akiposwa, baba humpa uwakala ndugu yake au kadhi amwozeshe. Fedha huja kila mwezi, na mke ndiye anayezigawa: ada za shule, dawa za bibi, matofali ya chumba kinachojengwa kidogo kidogo. Mke wa injinia hujifunza kuishi kama mjane asiye na msiba, na majirani humheshimu kwa hilo, ingawa pia hawaachi kuhesabu nani kaingia na nani katoka.

Msiba wenyewe hautajwi, ila kila mtu anaujua. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Wako waliotandikiwa matanga bila kaburi, wakasaliwa sala ya ghaibu. Aliye chini ya sitaha ana ngazi nyingi za kupanda kuliko wengine, na mkewe huijua idadi yake bila kuwahi kuziona.

Kisha hufika siku ya kushuka. Mara chache husababishwa na jambo kubwa. Magoti yamechoka, sikio la kushoto limeanza kuziba, au mtoto wa mwisho amemwamkia baba yake "shikamoo" kwa sauti anayomwamkia mgeni. Waliobahatika hupata kufundisha chuoni. Wengine hutengeneza majokofu ya samaki, jenereta za hoteli, mashine za boti za wavuvi. Ufundi hauwasumbui, mtu aliyezoea silinda kubwa kuliko kabati hashindwi na injini ya boti. Wanachohangaika nacho ni nyumba. Huamka saa tisa na nusu usiku kwa zamu isiyokuwepo, huongea kwa sauti ya kushindana na mashine, na hujaribu kupanga jiko kama sanduku la spana. Kwa upole au kwa ukali, huambiwa kwamba chifu wa hapa ni mwingine na ameshika zamu miaka 20 bila kupokewa.

Wengi hupona kwa kukubali cheo kidogo. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja wa aina hiyo. Baada ya miaka kadhaa ya kukosa pa kuweka mikono, alianza kuonekana nyuma ya msikiti, kwenye kibanda cha pampu. Pampu ile ilikuwa ikifa kila wiki, na kila wiki watu walichanga fedha za fundi. Mzee hakuomba ruhusa wala malipo. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga, akabandika ukutani karatasi yenye tarehe za kuitia mafuta, kwa hati ile ile ya daftari la meli. Sasa ana kijana anayemfundisha, na kabla hajamruhusu kugusa bomba humshika mkono na kuugeuza, mgongo mbele.

Maisha yake yote ya melini alilipwa kutoa maji ngamani yasije yakaizamisha meli. Siku hizi huyapandisha. Saa kumi usiku, wakati ambao zamani alikuwa akiingia zamu, hushuka kwenye kibanda kile, huwasha, huinamisha kichwa upande wa sikio linalosikia, na kungoja mpaka mlio utulie. Birika likijaa huzima, huvua ovaroli, na kuanza kusugua mikono.