Bahari ndani ya chumba: picha za Lubaina Himid na sisi watu wa Tanga

Siasa tuiweke pembeni kidogo, leo tuongee picha. Na sisemi zile za simba na twiga wanazonunua watalii (nazo zina heshima yake jamani, Edward Tingatinga mwenyewe alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu kabla hajahamia Dar... hiyo siku nyingine).

Nazungumzia mwanamama anaitwa Lubaina Himid. Kazaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba Mzanzibari mwenye asili ya Komoro, mama Mwingereza. Mtoto akiwa na miezi minne baba akafariki kwa malaria, mama akambeba wakaenda zao Uingereza. Akakulia huko, akasomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo, baadaye akawa mchoraji na profesa. Mwaka 2017 akachukua Tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa kwa Waingereza, akiwa na miaka 63. Mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Na ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya Venice ya 2026.

Najua kuna mtu atasema huyo si wetu, kaondoka mchanga. Sawa. Lakini tazama kwanza picha.

Ukiwa hapo kafe fungua dirisha jingine, andika jina lake na neno "Le Rodeur". Utaona vyumba. Visafi, vina mistari iliyonyooka, kuta za rangi kali. Ndani wamo watu weusi wamependeza kweli kweli, nguo za maana, ila hawatazamani. Kila mtu kama anawaza lake. Halafu nyuma yao, bahari. Iko dirishani, imetulia, kama pambo. Mara ya kwanza nilijisemea, haya, ni sebule ya matajiri wa ufukweni basi.

Kumbe sivyo. Le Rodeur ni jina la meli ya Wafaransa iliyobeba watumwa mwaka 1819 kutoka Afrika Magharibi kwenda visiwa vya Karibi. Njiani ukaingia ugonjwa wa macho, wakapofuka watumwa, wakapofuka na mabaharia. Mtumwa kipofu hauziki. Wakatupwa baharini zaidi ya watu 30, wangali hai, na inaelezwa hesabu ilikuwa kwamba bima ingelipa hasara. Himid alichora mfululizo huu kati ya 2016 na 2018, na hakuchora mnyororo hata mmoja. Hakuna damu, hakuna mjeledi. Kaweka watu ndani ya chumba wasioonana, na maji dirishani. Ukishajua habari yenyewe, ile bahari huwezi tena kuiita pambo. Wale waliotupwa wamo humo.

Hapo ndipo somo lake la majukwaa linapoonekana. Chumba chake ni kama jukwaa: watu wamesimama wakingoja kitu, na sisi tunaotazama tumeshaingia kwenye mchezo bila kuulizwa.

Na si mfululizo huo tu. Mwaka 1991 alichora wanawake wawili ndani ya mashua, wanachana ramani na kuzitupa majini. Mwaka 1999 akatoa mfululizo aliouita Zanzibar. Mwaka 2019 akaegemeza mbao ukutani, moja baada ya nyingine kama wimbi, akazichora kauri, kazi akaiita Old Boat/New Money. Kauri hizo hizo tunazookota! Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wanazipakia kutoka pwani yetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, maana kule zilikuwa pesa.

Sasa turudi nyumbani. Wenzetu wakiona bahari imeingia ndani ya nyumba wanaona ni ndoto ya msanii. Lakini sisi huku nyumba zetu za zamani zimetoka baharini hasa. Mawe ni matumbawe. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Dari ni boriti za mikoko zilizokatwa kwenye mikono ya bahari. Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba? Ni kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko unatoa boriti ya kama mita 3 hivi, basi upana wa chumba unaishia hapo. Yaani fundi anapimiwa chumba na mti.

Nenda Tongoni, kama kilomita 20 tu kusini mwa mjini, njia ya Pangani. Msikiti umebaki kuta, makaburi ya nguzo yako mengi, na bahari iko pale pale. Jiwe linarudi lilikotoka, taratibu.

Halafu kuna Pangani yenyewe. Watumwa na pembe za ndovu kutoka bara vilishukia pale vikapakiwa majahazi kwenda Unguja. Kuna boma lililojengwa mwaka 1810, na masimulizi ya pale yanasema watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisimame imara. Kama ni kweli au ni simulizi tu, mimi siwezi kuapa. Ila kuna watu wanapita hapo kila siku na hawajawahi kuisikia, na wengine wanaona majengo yale ni magofu tu yaliyokalia viwanja vizuri, yavunjwe ijengwe gesti. Mtu huyo huyo ukimwonyesha picha ya Himid atakwambia chumba kizuri, bahari nzuri.

Simlaumu, na mimi nilisema hivyo hivyo.

Kwa hiyo wadau wa Pangani na Tanga mjini, nina ombi. Mwenye picha ya nyumba ya zamani iliyopigwa kutokea NDANI, dirisha liko wazi na maji yanaonekana, naiomba. Hata ya simu, hata kama haijatulia. Na mtuambie nyumba ya nani, na wazee wanasemaje kuhusu kuta zake.