Wengi wakiandika, nani hujibu?

Fungua makala yoyote ya Wikipedia ya Kiswahili utafute jina la aliyeiandika. Hulikuti chini ya kichwa, wala mwishoni. Lakini juu ya ukurasa kuna kiungo cha historia, na ukikibonyeza yanatoka yote: tarehe, saa, jina la kila mhariri aliyejisajili, na kiasi cha maandishi kilichoongezwa au kupunguzwa. Unaweza hata kuweka matoleo mawili bega kwa bega, neno lililofutwa likiwa limetiwa rangi upande mmoja na lililoingizwa upande wa pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ameandika kwamba Pangani ni mji mzuri sana ulioko mkoani Tanga. Baada ya siku chache mwingine anafuta "mzuri sana", kwa sababu hiyo ni sifa na si habari, kisha anaeleza kwamba mji huo uko pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Wa tatu anataja kitabu kinachothibitisha maelezo hayo. Wa nne anarekebisha nukta na herufi kubwa tu, anaondoka. Sentensi iliyobaki ni ya nani? Aliyeianzisha maneno yake karibu yote yameondoka. Aliyeleta habari asingeaminika bila aliyeleta kitabu. Kila mmoja ana haki ya kusema ni yake, na hakuna awezaye kusema ni yake peke yake.

Swali hili ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1967 Roland Barthes wa Ufaransa aliandika insha ya kutangaza kifo cha mwandishi, akishikilia kwamba maana ya andiko haimo mikononi mwa aliyeliandika bali hukamilika kwa msomaji. Miaka miwili baadaye Michel Foucault akauliza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: jina la mwandishi lina kazi gani katika jamii? Alikumbusha kwamba vitabu vilianza kudaiwa majina pale wenye mamlaka walipotaka kumjua wa kumwadhibu. Jina, basi, si la kupokea sifa tu. Ni la kujibu.

Na hapo ndipo uandishi wa pamoja ulipopata mtihani wake mkubwa. Wikipedia ilizinduliwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliingiza katika wasifu wa John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani, uongo uliomhusisha na mauaji ya akina Kennedy. Uongo huo ulikaa takriban miezi minne bila kusahihishwa. Seigenthaler alipoulalamikia gazetini, ilidhihirika kwamba ukurasa ulio wazi kwa wote unaweza kukosa hata mtu mmoja wa kuuangalia. Desemba mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza ikazuia watu wasiojisajili kuanzisha makala mpya.

Wahenga walikwishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wapo waliolithibitisha hilo. Mwaka 2007 kampuni ya vitabu ya Penguin, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha De Montfort cha Uingereza, iliwaalika watu wote waandike riwaya moja mtandaoni. Walijitokeza watu wapatao 1,500. Kila aliyeingia alikuja na mhusika wake, kisa chake na mwisho wake, na hadithi haikushikana. Mbona basi kamusi elezo ya Wikipedia ilisimama na riwaya ikaporomoka? Kwa sababu wa kamusi elezo walikubaliana mapema juu ya mambo ya kujinyima: usiegemee upande, usilete utafiti wako mwenyewe, taja chanzo ambacho msomaji anaweza kukikagua. Anayekubali masharti hayo ameweka nafsi yake kando ili kazi iendelee, jambo ambalo mtunzi wa riwaya hawezi kulifanya bila kuiua riwaya yenyewe.

Washairi wa pwani yetu walilijua jambo hili kwa namna yao. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za mwenzake zenye mistari miwili, akatunga mistari mitatu ya kuutangulia kila ubeti, ikawa mitano. Mistari ya wa kwanza haiguswi, na ya wa pili hulazimika kuifuata kwa vina. Ndivyo ilivyo Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir: watunzi wawili ndani ya ubeti mmoja, na mkono wa kila mmoja unaonekana. Mtandaoni mstari wa mwenzako unaweza kufutwa, kwa hiyo heshima ile imehamia kwenye historia ya ukurasa. Leseni ya Wikipedia nayo inashikilia hilohilo: nakili, badili, hata uza, mradi uwataje waandishi na uwaachie wengine uhuru uleule.

Lakini kanuni nzuri bila watu ni bure. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu kwa maelfu ya makala katika Wikipedia ya Kiskoti yalikuwa kazi ya kijana mmoja Mmarekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto, na hakuficha lolote, kwani kila alichoandika kilikuwa wazi kwenye historia. Kosa kubwa halikuwa lake. Wenye lugha hawakuwepo.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo ina maelfu mengi ya makala, na nyingi ni fupi mno, zikiwa na kibandiko kisemacho kwamba makala hii bado ni mbegu, kisha kinamwomba msomaji aiongeze. UNESCO inakadiria kwamba Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200, ilhali wanaoikuza mbegu hiyo mwaka hadi mwaka ni wachache sana. Tunalalamika kwamba Kiswahili cha mtandaoni ni kibovu, cha kutafsiriwa na mashine, na kumbe kitufe cha kuhariri kiko mbele ya macho yetu.

Ninaamini kwa dhati kwamba uandishi wa pamoja haumuui mwandishi. Unaugawa wajibu wake, na wajibu uliogawanywa usipopokelewa haupotei, bali humwangukia yeyote atakayejitokeza, ajue asijue. Mwalimu wa jiografia anayeujua mto wa wilaya yake, muuguzi anayejua jina la ugonjwa kama wagonjwa wanavyolitaja, mwanafunzi mwenye kitabu cha historia mkononi, kila mmoja ana sentensi moja anayoweza kuisahihisha na kuitajia chanzo. Mashine za lugha zinazowajibu watoto wetu leo zimejifunza sehemu ya Kiswahili chao kutoka kurasa hizo. Makosa tutakayoyaacha humo watayasoma kama ukweli, na hatutakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa kuwa tulikuwa na ruhusa ya kuyaondoa.