Kabla ya kumlaumu beki, angalia mpira ulipotelea wapi

Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu, msimu wa 2021/22, ilimaliza ya nne na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mwaka 2024 ikashuka daraja. Huku kwetu tumeshayaona hayo: Stand United ya Shinyanga ilishuka 2019, Mwadui ikafuata 2021. Na kila mara lawama zinaanzia kwa mabeki wa kati.

Msikilizaji wetu, idadi ya mabao ambayo timu imefungwa haikuambii nani kakosea. Rudi nyuma sekunde kumi. Beki wa pembeni akiwa amepanda, kisha kiungo mkabaji akapokonywa mpira katikati ya uwanja, mabeki wawili wanabaki na washambuliaji watatu, na nyuma yao ni uwanja mtupu. Anayeonekana akianguka ni beki, lakini kosa ni la namba sita, au la kocha aliyewaruhusu mabeki wote wa pembeni kupanda kwa pamoja.

Kona na faulo ni hesabu nyingine. Kama umepewa mtu wa kumkaba, akifunga ni wako; hapo beki hana utetezi.

Mimi nikiwa uwanjani hutazama timu ikipoteza mpira, nani anageuka wa kwanza kurudi. Kwenye timu inayohangaika, mara nyingi utamkuta winga amenyoosha mikono akimlalamikia mwenzake, wakati mpira umeshafika kwenye boksi. Ukiangalia marudio kwenye kibanda umiza, mtazame huyo.