Umeme wa makapi ya mkonge

Anayetoka Miono kwenda Tanga hupita Segera, kisha Hale, wilayani Korogwe. Hapo ndipo kampuni ya mkonge ya Katani iliposhughulikia taka zake kwa njia isiyo ya kawaida.

Jani la mkonge linapopita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha singa, hutoa singa ambazo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi mabichi na maji mengi machafu yenye tindikali. Kwa miaka mingi mashamba yaliyarundika makapi hayo nje ya kiwanda yaoze, na maji yakaachwa yatiririke hadi mitoni. Makapi yanapooza hutoa methani, gesi inayolipasha joto anga zaidi kuliko hewa ukaa.

Mwaka 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi hayo ulizinduliwa Hale. Makapi yaliingizwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, bakteria wakayavunja, na gesi iliyopatikana ikaendesha jenereta. Tope lililosalia lilikuwa mbolea.

Viwanda vya sukari vilianza mapema: makapi ya miwa huchomwa kwenye boila, molasi huuzwa. Huko hesabu ni rahisi, maana makapi huwaka. Ya mkonge yakiwa mabichi hayawaki, na tangi linahitaji mtaji, mafundi na makapi mapya kila siku. Korona ikisimama, gesi nayo hupungua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humtaka mzalishaji awajibike kwa taka zake. Lakini faini peke yake haijengi tangi. Meneja hushawishika zaidi akiona bili ya umeme ikishuka, na kwa hilo si wa kulaumiwa.