Msafara Uliomo Mfukoni

Simu ni neema. Twaanza kwa kulisema hilo ili asije mtu akadhani ya kuwa tumekusudia kuitukana. Tangu M-Pesa ilipoanza katika Tanzania mwaka 2008, mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo aweza kupokea fedha kutoka Kigoma kabla chai yake haijapoa. Mama wa Kariakoo ambaye mwanawe yuko Maskati aweza kumwona uso na kumsikia sauti usiku huu huu. Mwenye kuitupa neema ya namna hii hakutumia akili. Lakini kila neema ina adabu zake, na swali tutakalo kuwauliza wasomaji wetu ni hili: katika nyumba zetu, nani amwitaye mwenziwe? Sisi twaiita simu, au simu yatuita sisi?

Jambo lenyewe si geni. Siku moja ya Ijumaa, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipokuwa pamoja na watu msikitini, msafara wa biashara uliingia Madina. Watu wakatoka kuukimbilia, na kwa mapokezi ya Jabir bin Abdillah yaliyomo katika Sahihi Bukhari, wakasalia watu 12 tu. Hapo ndipo ilipoteremka aya ya 11 ya Suratul Jumua. Tuzitazame na aya mbili zilizo kabla yake. Ya 9 yaamrisha biashara iachwe pindi iadhiniwapo Sala ya Ijumaa. Ya 10 yawaruhusu watu kutawanyika baada ya Sala na kutafuta riziki. Basi biashara haikuharimishwa. Iliwekewa saa yake. Na ikiwa msafara mmoja uliweza kuwavuta watu bora kama wale, tusemeje sisi ambao msafara wetu umo mfukoni, na hauwasili mara moja kwa siku bali kila dakika, pamoja na ngoma zake?

Kariakoo imekwisha pokea mambo mapya mengi. Jina lake lenyewe limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1951 ilianza redio ya Sauti ya Dar es Salaam. Wenye redio walikuwa wachache, kwa hiyo watu walikusanyika kwa jirani, wakasikiliza pamoja, kisha wakajadiliana. Mwaka 1994 zikaja Tanzania Bara runinga na simu za mkononi. Runinga nayo, pamoja na kasoro zake, ilikaa sebuleni mbele ya watu wote. Simu ya leo ndiyo iliyokuja kumtenga kila mtu na yake. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye baraza mbele, nyingi zimevunjwa na maghorofa yamesimama mahali pake. Baraza ya nje imekwenda. Na sasa hata ile ya ndani, ya baba na mama na watoto wao, iko mbioni kutoweka. Watu wanne huketi kwenye mkeka mmoja, kila mmoja ameinamia kiganja chake. Wamekaa pamoja, lakini hawako pamoja.

Yafaa vijana wetu waijue siri ya jambo hili. Mitandao mingi haitutozi ada, kwa sababu wenye nayo hupata fedha zao kwa matangazo. Kadiri macho yetu yanavyokaa mbele ya kioo, ndivyo faida yao inavyozidi. Ndiyo maana picha moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe pasipo kuombwa. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na kikombe cha kahawa kina machicha yake chini. Lakini picha hizi hazikuwekewa mwisho, na hilo limefanywa kwa makusudi. Basi kijana asijidanganye ya kuwa anastarehe bure. Analipa, na anachokilipa ni umri wake.

Na kinachopotea si saa peke yake. Ni ule uwezo wa mtu kutulia na kazi moja mpaka ikamilike. Tutazame kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Mshonaji hutoboa vitobo vidogo vidogo kwa mpangilio, akavizungushia uzi kimoja baada ya kimoja. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, pengine miezi. Mkono ukikosea safu moja, ua zima huharibika. Wako mabinti na vijana wangapi mjini petu wenye vidole vya kuifanya, lakini hawana tena subira ya kuketi nayo nusu saa bila ya kuchungulia kioo? Ufundi, utunzi wa mashairi, hifadhi ya Qurani, hata upishi wa nyumbani, vyote hutaka moyo uliotulia.

Nini basi la kufanya? Kwanza, kila nyumba iiwekee simu saa yake, kama biashara ilivyowekewa yake. Wakati wa chakula cha usiku na baada ya Sala ya Isha, simu zote ziwekwe mahali pamoja, ya baba ikitangulia. Maana mtoto hufuata atendalo mzazi kuliko asemalo. Pili, saa hiyo isiachwe tupu. Mtoto aliyenyang'anywa simu asipewe kitu badala yake ataitafuta kwa siri. Lakini apewe sindano na uzi, kitabu, au hadithi ya bibi. Tatu, simu nayo ifanywe chombo cha kazi: kijana airekodi hiyo hadithi ya bibi kabla haijapotea, apige picha za mapambo ya kofia na kuyahifadhi, amtafutie mama yake wanunuzi walio mbali. Simu inayotumika hivyo imerudi mahali pake, nayo ni kuwa chini ya mkono wa mwenyewe.

Misafara haitaacha kuja, wala hatuombi iache. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale 12, wanaojua wakati wa kutoka na wakati wa kubaki. Amin.